Picha ya Mamba Iliyofutika

Mwezi uliopita walikuwa wanajenga sanamu ya tembo kwenye baa mpya iliyo njiani kwenda shuleni kwetu. Harufu ya simenti mbichi ilinipata nikiwa na daftari mkononi na muwa mdomoni. Nikautema muwa. Sikutapika, ila ilibaki kidogo tu. Rafiki yangu Neema, ambaye huongea kwa niaba yetu sote wawili kwa sababu mimi si mtu wa kuongea, akanicheka: "Wewe vipi, una mimba?" Halafu akasema tembo mwenyewe ana uso wa mwalimu wetu wa fizikia, kasoro miwani. Nikacheka ili yaishe. Sikumwambia kitu. Jambo lenyewe nilikuwa nimekaa nalo miaka saba bila kumwambia mtu yeyote, hata padri, na kwa padri nimeungama mpaka kuiba sukari.

Kama umezaliwa Ifakara miaka ya karibu na yangu, nyumbani kwenu ipo picha hii. Mtoto amevaa nguo za sikukuu, viatu vinambana, amepandishwa juu ya simba wa simenti wa baa, macho mekundu kwa kulia, na chini kinaonekana kivuli cha mpiga picha. Sisi tunayo albamu nzima. Nina miaka miwili, niko juu ya simba. Nina mitatu, nimekumbatia mguu wa twiga. Nina mitano, nimemkalia mamba na mkono wangu wote uko ndani ya mdomo wake, kwa sababu mpiga picha alisema, "Mtie mkono mdomoni, mrembo, ndiyo inapendeza." Nilitia. Ndani ya mdomo wa mamba yule kulikuwa na vizibo vya soda na jani kavu.

Kwa hiyo mimi nilijua mamba wa aina mbili. Wapo wa babu yangu mzaa mama, aliyevua samaki mto Kilombero tangu hajaota ndevu. Hao hawaonekani. Babu alikuwa anasema, "Mamba ukimwona, jua yeye alishakuona zamani." Mamba wa babu alikuwa maji yanayotikisika pasipo upepo, basi. Hakuwa na mgongo wala miguu. Halafu wapo mamba wa sikukuu, wanaolala juani mdomo wazi, na watu wazima wanakusukuma uwakalie. Hakuna aliyeniambia kuna wa tatu.

Nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Domi alikuwa na minne. Baba alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, na mama anauza samaki wakavu kwenye magulio mpaka leo. Siku ya pili ya Krismasi baba akatutangazia kwamba mwaka huo hatuendi kwenye sanamu. Kuna mtu kafungua bustani ya wanyama upande wa Mkula, wanyama wazima kabisa, wanaokula na kunya. Domi alicheka kwa hilo la kunya mpaka akapaliwa. Mama akanipa simu yake. "Wewe ndiye mpiga picha wetu," akasema. "Mimi nikipiga nakata watu vichwa."

Sijui kama alijua alichonipa. Mimi ni mtu ambaye nikitumwa dukani nasubiri wote wanunue ndipo niseme shida yangu, tena kwa sauti ya mbu. Lakini nikishika ile simu nilikuwa mtu mwingine. Niliweza kumwambia mtu mzima "sogea kushoto" na akasogea. Ukiwa nyuma ya simu hakuna anayekutazama wewe, kila mtu anatazama simu.

Langoni mwa ile bustani, nataka mlijue hili, kulikuwa na simba wawili wa simenti waliopakwa rangi ya njano, na foleni ya watoto wanaosubiri kuwapanda. Ndani ndiko kukawa na wazima. Kobe watatu, ngedere kama kumi kwenye banda moja, chatu amelala kwenye sanduku la kioo kama bomba la maji, na fisi mmoja anayezunguka banda lake upande uleule bila kubadili, ananuka kitu ambacho mpaka leo sina jina lake. Niliwapiga picha wote. Picha za mwanzo zikawa mbaya, waya umetoka safi na mnyama ni ukungu. Nikawa nafuta na kurudia, nafuta na kurudia.

"Usipige waya, piga mnyama," mtu akasema nyuma yangu. "Weka jicho la simu kwenye tundu. Hivi."

Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, koti la kijani la kazi, makatambuga ya tairi miguuni. Yeye ndiye aliyekuwa anawalisha wanyama wale. Aliitwa Mzee Shija, Msukuma, mmoja wa wale waliokuja bondeni kwetu na ng'ombe wao, ila ng'ombe wake walikuwa wameisha, akapata kazi pale.

Nikaweka jicho la simu kwenye tundu. Fisi akatoka mzima, na ute wake.

"Umeona? Sasa wewe ni fundi," akasema. Hakunicheka. Alinichukulia kama mtu aliye kazini, na mimi nikampenda hapohapo, kama watoto wanavyopenda, bila sababu ya zaidi.

Milango ya mabanda haikuwa na kufuli. Bosi alikuwa ameahidi kuzileta. Kila mlango Mzee Shija alikuwa ameufunga kwa kamba ya katani, fundo moja lilelile. Akaona natazama vidole vyake.

"Hili ni fundo la ndama," akasema. "Ndama akivuta kwa nguvu, linakaza. Lakini ukishika huku kwenye sikio, ukavuta taratibu, linafunguka lenyewe. Jaribu."

Nikajaribu kwenye kipande cha kamba alichokuwa nacho mfukoni. Likafunguka.

"Ndama hajui," akasema Mzee Shija. "Na fisi hajui. Sisi wawili tu tunajua." Akaenda zake na ndoo.

Baba alikuwa amekaa kwenye viti vya vinywaji na wenzake wa mashineni. Mama alikuwa foleni ya chipsi. Watu wote walikuwa wamejazana kwa chatu, kwa sababu kijana mmoja alikuwa anamtoa sandukuni awavishe watu shingoni. Mimi kwenye watu wengi sipendi. Nikamshika Domi mkono tukazunguka nyuma, na huko nyuma ndiko nikamwona mamba.

Alikuwa ndani ya uzio, kando ya kisima kidogo kilichopigwa plasta mpya, kijivu chote, kisima kijivu, ukingo kijivu, mamba kijivu. Mdomo wazi. Matope yamemkaukia mgongoni yakapasuka, kama simenti iliyochanganywa na mchanga mwingi. Kizibo cha soda mgongoni. Nilisimama hapo nikahesabu mpaka hamsini, nawaambia ukweli, nilihesabu, na hakutikisika hata kope. Kwa nini alifungiwa mlango? Hilo nililijibu haraka: hata kule baa twiga alizungushiwa uzio ili watu wasijipigie picha bure.

Nikawaza Domi hana picha kwenye mamba. Mimi ninayo, yeye hana. Kweli ni hilo tu nililowaza, kwamba si haki.

Nikashika sikio la kamba, nikavuta taratibu.

Domi alikuwa amevaa shati jeupe na tai ya kipepeo nyekundu. Nikamwinua nikamvusha ukuta mfupi wa ndani ya mlango, uliokuwa unanifika magotini, nikamwambia asimame pale ubavuni kwa mamba. Mimi nikabaki mlangoni, kwa sababu ukikaribia sana picha haitoshi.

"Weka mkono juu yake."

Akaweka. "Dada, lina moto."

"Simenti inashika jua. Cheka."

"Dada, linapumua."

"Acha kuchezacheza, picha itaharibika!"

Akacheka, meno yote. Nikabonyeza. Na kwenye simu, siyo kwa macho yangu, kwenye simu, nikaona utando mweupe unapita kwenye jicho la mamba, kutoka kona moja kwenda nyingine, kama mtu anayefuta kioo. Halafu jicho likawa linanitazama mimi.

Niliganda. Hilo ndilo siwezi kujisamehe hata kuliko mlango. Sikupiga kelele, sikumwita Domi. Niliendelea kushika simu mbele ya uso wangu, vizuri kabisa, bila kutetemeka, kwa sababu akili yangu iliniambia kilichomo kwenye simu ni picha, na picha ni jambo lililokwisha kutokea salama.

Mzee Shija alinipita ubavuni. Ndoo yake ilikuwa na utumbo wa kuku, akaitupa nzima mbele ya mdomo ule, na mdomo ukajifunga. Sauti yake ni ya lango la lori la mpunga linapobamizwa. Ndoo ikapasuka vipande. Ilikuwa ndoo nene ya lita ishirini, kama ile ambayo mama anaikalia akiwa anasuka mkeka. Nilipogeuka, Domi alikuwa juu hewani, ameshikwa kwa ukosi wa shati, akatua nje ya ukuta kwa magoti. Mkia ukapiga. Mzee Shija alikuwa bado ndani, ukampata pajani, akaanguka juu ya ukingo wa plasta. Nilisikia mfupa. Akatambaa, akatoka, akavuta mlango, akaufunga kwa kamba. Mikono yake ilifunga fundo lile huku yeye mwenyewe analia kwa maumivu.

Hapo ndipo watu wakaja.

Domi alikuwa na mchubuko wa goti tu. Baba alifika mbio, bia mbili tatu kichwani, akamwona mtoto chini, akamwona mzee ameshika mlango. Akamkaba koti. "Umeacha mlango wazi! Mlango wa mamba, mzee mzima! Unadhani hapa unachunga ng'ombe?"

"Nilifunga," akasema Mzee Shija.

"Mtoto kapita wapi, kwenye tundu la waya?"

Watu wakacheka. Jamani, walicheka. Mmoja akasema, "Wasukuma bwana, ukiwapa kamba wanamtafuta ng'ombe." Mwingine akasema afadhali hajamfungulia fisi. Utani ule wa kila siku, ila siku hiyo haukuwa na tabasamu.

Bosi akaja, shati limepigwa pasi. "Mzee Shija, nijibu mimi. Uliufunga au hukuufunga?"

Mzee akatazama mlango. Akatazama mikono yake, akaigeuza, upande wa juu, upande wa chini, kama anayetafuta kitu alichokiweka humo asubuhi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, simu nimeibana kwapani. Maneno yalikuwa mengi kinywani mwangu. Nilikuwa na moja tu la kusema, fupi, "mimi", hata mtoto wa miezi kumi analijua. Na watu walikuwa kama arobaini.

"Nilifunga... nadhani nilifunga," akasema. Halafu, polepole, "Sikumbuki, bosi."

"Vua koti langu."

Akavua hapohapo mbele za watu, akiwa amesimamia mguu mmoja. Ndani alikuwa na fulana ya zamani imetoboka. Domi, kwenye mapaja ya mama, akawa anasema kitu huku analia, na mama akamfunika uso wote na kanga, akimbembeleza, nyamaza baba, nyamaza, yamekwisha. Akaichukua simu yake kwapani kwangu, tukapanda basi kurudi Ifakara.

Njia nzima nilisali. Nilisali sala moja tu: Mungu, ifute ile picha. Kwa sababu picha ilikuwa humo. Domi anacheka, mkono mgongoni kwa mamba, na yeyote atakayeiona atajua kulikuwa na mtu mlangoni anayesema cheka. Tulipofika mama aliweka simu kwenye chaji, akaenda kumwogesha Domi, akakaa huko. Nilipata nafasi ya kuishika simu saa moja jioni. Nikafungua picha. Kobe walikuwepo. Ngedere walikuwepo. Fisi na ute wake alikuwepo. Mamba hayupo.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Sikuwahi kuombea kitu kikatokea namna ile, siku ileile. Na mtoto wa miaka tisa akishapata muujiza, anautafutia maana. Mimi nikaupata wangu: kama Mungu kaifuta, basi Mungu yuko upande wangu. Na kama yuko upande wangu, basi si mimi mwenye kosa. Labda fundo halikuwa limekaza. Labda lilikuwa linafunguka lenyewe, mimi nikaligusa tu. Kwa mwaka mmoja nikaamini hivyo kabisa. Nilifika mahali nikamlaumu Mzee Shija kwa kunifundisha. Naandika hili kwa aibu lakini naliandika, nilimchukia kidogo.

Halafu ukikua, muujiza unapungua. Ila sikuutupa. Niliuweka kama mtu anavyoweka kadi ya kliniki, haina kazi tena lakini hutupi.

Sasa turudi kwenye tembo wa simenti. Siku ile nilipotoka shule nilimkuta mama uani anachambua perege wakavu, waliovunjika mikia huku, wazima huku. Nikakaa. Nikaanza kuchambua naye. Sijui kilichonipata. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mama, siku ile ya mamba, mlango niliufungua mimi."

Hakuinua uso. "Najua."

Nilidhani hajasikia. "Mama, nasema mlango wa mamba..."

"Nimekusikia. Najua. Domi alisema palepale, dada kapiga picha. Kwani unadhani nilimfunika uso kwa baridi?" Akatupa perege kwenye fungu la wazima. "Njiani nikaiangalia simu. Nikaiona. Nikaifuta."

Nilishika samaki lakini simsikii. Miaka saba nina Mungu kwenye simu, kumbe ni mama kwenye basi.

"Uliifuta wewe?"

"Ulitaka nifanyeje? Nimpe baba yako aione? Na alivyokuwa? Alishamkaba mzee wa watu, angemwacha akukabe wewe. Wewe una miaka tisa, unatetemeka kama kifaranga. Yule mtu mzima, nikasema atapata kazi nyingine."

"Alipata?"

Mama akaokota perege mwingine, akamtazama mkia.

"Yuko Mkula," akasema. "Mke wake anauza maziwa ya mgando kwenye gulio, wanakaa mkabala na mimi. Kila gulio nampa mafungu mawili ya samaki. Mzee ananishukuru mpaka naona haya. Ananiita mama mwenye huruma." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, ule usio na magamba. "Ndugu zake walimletea ng'ombe achunge, mara mbili. Akawarudisha. Anawaambia yeye kichwa chake kina ugonjwa, anasahau milango."

Hapo ndipo nilipopigwa kweli, kuliko siku ya ndoo. Nilikuwa nikidhani nimemnyima kazi. Kazi! Miaka yote nilijuta kazi na koti. Haikunijia hata mara moja kwamba yule mzee alirudi nyumbani akaamini. Kwamba aliposema "sikumbuki" mbele ya bosi hakuwa anajitetea, alikuwa anatafuta kwa dhati ndani ya kichwa chake, hakuona, akaamua kichwa ndicho kibovu.

"Jumamosi nitakuja na wewe gulioni," nikasema.

"Utaweza kusema? Wewe?"

"Sijui."

"Baba yako nitamwambia mimi," akasema mama. "Hilo niachie."

Jumamosi ikafika, tukaenda. Mkula siku ya gulio unaijua: ndizi za Sanje zimepangwa mpaka barabarani, mitumba, spika inayopiga kelele za dawa ya panya. Mama akatandaza samaki wake. Mkabala alikuwepo mama mmoja mnene mwenye madumu manne ya maziwa, na nyuma yake, kwenye kigoda, Mzee Shija. Amekuwa mfupi. Mguu mmoja ameunyoosha mbele kama ufagio. Nilimtazama kwa muda kabla sijasogea. Mke wake alipomhudumia mteja na kufunga dumu, mzee alinyoosha mkono akagusa kifuniko. Akaacha. Akakigusa tena. Akaacha, akatazama kando, kisha akakigusa mara ya tatu. Mke hakumtazama hata. Kumbe ndivyo wanavyoishi.

Nikavuka.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia mzee. "Maziwa?"

"Hapana. Babu, mimi ni..." Nikasogea hatua moja karibu na kigoda. "Mimi ni dada wa yule mtoto wa mamba. Mimi ndiye niliyekuwa napiga picha."

Akanikazia macho. Taratibu uso ukafunguka. "Yule fundi! Umekuwa mkubwa. Mdogo wako hajambo?"

Alimuulizia Domi kwanza. Nikashindwa, nikaanza kulia kabla ya kusema, na mke wake akasimama akidhani nimeleta msiba.

"Ulifunga, babu," nikasema. "Ule mlango. Uliufunga. Mimi ndiye niliyeufungua, nilidhani ni mamba wa simenti, nilitaka mdogo wangu apigwe picha. Sikusema. Ulifunga."

Mzee Shija hakutikisika. Mke wake ndiye aliyenishika mkono, juu ya kiwiko, akabana mpaka nikainama.

"Rudia."

"Mama Kabula, mwache mtoto," mzee akasema.

"Simwachi! Arudie. Siku ile waliocheka walikuwa wangapi? Walisema kwa kunong'ona? Walisema mpaka maneno yakafika huku. Sema, binti, watu wasikie."

Watu walikuwa wameshaanza kugeuka. Muuza nyanya, wale wa ndizi, vijana wa bodaboda. Nikataka kukimbia, nawaambia kweli, nilitazama njia. Halafu mama yangu akawa amesimama pembeni yangu, mikono inanuka samaki. "Na picha ilikuwepo," akasema yeye kwa sauti ya gulioni, ile ya kuitia wateja. "Niliifuta mimi. Mimi niliyekuwa nawapa samaki." Akanitazama.

Nikasema. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, ikakatika katikati, nikaianza upya: mlango ulikuwa umefungwa, mzee aliufunga, mimi niliufungua. Kijana mmoja wa bodaboda akasema "duh." Hakuna aliyecheka.

Mke akaniachia. Palibaki alama za vidole vyake vinne mkononi mwangu. Akamtazama mama yangu, kisha akageuza uso, na sidhani kama samaki wale watapokelewa tena.

Mzee Shija alikuwa anatazama chini, katikati ya miguu yake. Kisha akainua kichwa akamwambia mkewe kitu kwa Kisukuma, maneno machache, bila haraka. Yule mama mnene, aliyenibana mkono kama koleo, akakaa chini kwenye vumbi katikati ya madumu yake, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanacheza.

Nikamgeukia muuza nyanya aliyekuwa karibu, aliyeonekana kuelewa. "Amesema nini?"

Akaweka chini nyanya alizokuwa ameshika.

"Amesema, kumbe mimi si mgonjwa."